Kupanga taa za sebule: anza na kuta

Sebule nyingi Mtwara na Lindi zina balbu moja nyeupe katikati ya dari. Sakafu inang'aa, kuta zinabaki na giza, na chumba kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Sababu ni jicho: mtu aliyekaa hutazama mbele, hivyo hupima mwanga wa chumba kwa kuta.

Kwa sebule ya mita 4 kwa 4, lenga jumla ya lumeni 2,000 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takribani 800, kwa hiyo tatu zinatosha. Mbili zifungwe kwenye kuta mbili tofauti, sentimita 170 hadi 180 kutoka sakafuni, zikiwa na kifuniko kinachoficha balbu. Jicho likiiona balbu yenyewe, vitu vingine vyote vitaonekana vyeusi. Ya tatu iwe pembeni, karibu na kiti cha kusomea. Kila taa iwe na swichi yake.

Chagua kelvini 2,700 hadi 3,000 (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ndogo ni wa njano, kubwa ni mweupe wa baridi). Zile za 6,500 hufanya sebule ya jioni ifanane na duka la dawa. Ukuta wa chokaa nyeupe hurudisha mwanga mwingi; uliopakwa rangi nzito huumeza, hapo ongeza balbu.

Usifunge taa juu ya mapanga ya pangaboi. Yakizunguka hukata mwanga, kuta zinachezacheza na kichwa kinauma.

Karibu na bahari, holda za chuma hushika kutu upesi. Nunua za plastiki ngumu au za kauri.