Kutuma mafaili na rsync bila kuanza upya kila saa

Kama uko na folda ya picha za harusi ya GB 40 na wifi yako inapandisha 10 Mbps, hapo ni karibu masaa 9, na hiyo ni kama stima haijapotea, na hii ni Nairobi so wewe jua tu. Kukopi na kupesti ikikatika njiani unaanza kuulizana na kompyuta ni gani zilifika na ni gani hazikufika. Achana na hiyo, tumia rsync, programu ya kukopi mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine. Ni ya bure, ilitolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na mpaka leo sijaona kitu inaishinda kwa hii kazi.

Inafanya hivi: inaangalia ukubwa wa faili na saa ilibadilishwa mara ya mwisho, zikilingana pande zote mbili inapita. Zikikosana, kompyuta inayopokea inagawa faili yake vipande vipande, inatuma hesabu ya kila kipande, alafu huku kwako inalinganisha na kutuma tu vile vipande vimebadilika. Kwa hivyo mara ya kwanza utangoja kama kawaida, utamu unaanza mara ya pili.

Lazima rsync iwe kwa mashine zote mbili, ya kutuma na ya kupokea. Tuseme studio yako iko River Road na deskitopu ya hapo, ndio ya kupokea, ina Ubuntu, fungua terminal (dirisha la kuandika amri) upige

sudo apt install rsync openssh-server

alafu hostname -I ikupe namba yake ya IP. Laptopu ikiwa Windows weka WSL kwanza (Linux inayokaa ndani ya Windows), alafu uinstoo rsync ndani yake. Mkiwa kwa rauta moja hamtumii bando yoyote, na ukipata waya wa kuunganisha kwa rauta ni afadhali sana kuliko wifi. Sasa kwa laptopu (studio ni jina la akaunti ya hiyo deskitopu na 192.168.1.20 ni IP yake, weka zako):

rsync -avhP Picha/ studio@192.168.1.20:/home/studio/Picha/

Hiyo a inabeba folda za ndani pamoja na tarehe na ruhusa za mafaili, v na h ni ya kukuonyesha kinachoendelea kwa namba za kusomeka, na P inakuonyesha imefika wapi na, muhimu zaidi, inahifadhi faili iliyokatika katikati. Stima ikirudi unarudia laini ileile, inaendelea. Watu wanapenda kuongeza z ya kubana data, lakini kwa JPG na MP4 haina faida, hizo zimebanwa tayari. Hiyo z tumia kwa mafaili ya maandishi.

Sasa mtego. Hako ka / mwisho wa Picha/ ndiko kanasumbua watu. Ukikaweka unasema tuma vilivyo ndani ya Picha, ukikatoa unasema tuma folda yenyewe, na utapata Picha/Picha kule ng'ambo alafu uanze kushangaa mbona diski imejaa. Ya upande wa kupokea haina neno sana, ni ya upande wa kutuma ndio ya kuchunga.

Alafu kuna --delete, inafuta kule kila kitu ambacho huku hakipo. Ni poa ukitaka pande zote zifanane, lakini ukikosea folda itafuta bila kukuuliza. Kwa hivyo kwanza ongeza n:

rsync -avn --delete Picha/ studio@192.168.1.20:/home/studio/Picha/

Hapo haigusi kitu, inasema tu ingefanya nini. Soma laini zinazoanza na deleting moja moja. Ukiona deleting harusi/DSC_0412.JPG na hiyo picha mteja hajachukua, simama hapo hapo.

Flashi ya FAT32 inahesabu saa kwa hatua za sekunde 2, so rsync inaweza dhani kila kitu kimebadilika na itume zote tena. Tumia -rtv badala ya -a na uongeze --modify-window=1. Na faili ya kufika GB 4 haiingii humo kabisa.

Ukiwa kwa wifi ya kushare, --bwlimit=500 inaizuia isipite kama kilobaiti 500 kwa sekunde, hao wengine wacheki video zao.

Ukitaka iende yenyewe usiku, piga ssh-keygen na uache nywila wazi, alafu ssh-copy-id studio@192.168.1.20 ndio isiulize nywila, kisha crontab -e (ratiba ya kazi za kujiendesha) na uandike 0 2 * * * mwanzoni mwa laini yako ya rsync. Hiyo 2 ni saa ya kizungu, yaani saa 8 usiku, na laptopu usiifunge maanake ikilala hakuna kitu itatumwa.