Kabla hujasaini kupokea mashine mpya kituoni kwako, soma hii

Mwaka juzi nilipita kituo kimoja cha afya huku kwetu Tanga, sitokitaja, nikakuta mashine ya kupima kemia ya damu imefunikwa kitenge kizuri kama mtoto mchanga. Nikafunua, ile nailoni ya kiwandani bado imebandikwa kwenye skrini. Dada wa maabara akaniambia kaka hii tulipewa bure, ila vitendanishi vyake, zile dawa za kupimia, wanauza walewale walioileta, na chupa ukishaifungua una mwezi mmoja tu, sasa wagonjwa wa kipimo hiki kwa wiki hawafiki hata kumi, tukawa tunamwaga kuliko tunavyotumia, mwisho tukaacha. Iliniuma mana siku hiyohiyo walikuwa wanahesabiana glavu.

Kwa iyo naandika kwa wafawidhi (wakuu wa vituo), watu wa maabara, na nyie wa kamati za vituo mnaoletewa karatasi msaini. Wauzaji ni waja leo waondoka leo kama tunavyosema wenyewe, ila nyie na wagonjwa wenu mtabaki nayo.

Usianze na mashine, anza na shida. Fungua rejesta za MTUHA, zile za taarifa za wagonjwa, za miezi sita, hesabu ni wangapi mliwapa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kukosa kipimo hicho tu. Alafu jiulize jibu likitoka mna dawa, mna mtu wa kulifanyia kazi? Kama jibu halibadilishi chochote utakachomfanyia mgonjwa, hapo mnanunua fanicha.

Shida ikiwepo kweli, ulizia usajili TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na usikubali kuambiwa "kiko kwenye mchakato", taka namba uihakiki mwenyewe.

Sasa kwenye ushahidi hapa nitakaa kidogo mana ndo watu wengi wanaponyamaza. Uliza kifaa kilijaribiwa wapi, kwa watu gani, kikalinganishwa na nini. Si kwenye vifaa tu, hata kwenye tiba. Hapahapa Muheza, hospitali ya Teule ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko wa damu dhaifu. Mazoea yalikuwa mtoto wa hivyo apigiwe maji mengi ya haraka kwenye mshipa, na ilionekana ni jambo lisilo na mjadala. Majibu yalipotoka 2011 ikaonekana waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10.5 kwa kila mia ndani ya saa 48, ambao hawakupewa ni 7.3. Fikiria kama hakuna aliyethubutu kupima.

Au chukua ile klipu ya kidoleni ya kupima oksijeni. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitoa majibu kwamba mashine ikisoma 92 mpaka 96, yani unaona mgonjwa yuko sawa, wagonjwa weusi karibu 12 kwa mia damu yao ilikuwa chini ya 88, kwa wazungu ni kama 4. Sisi huku tunapima nani? Mimi mwenyewe nilishamuwekea bi harusi mmoja mwenye hina nyeusi mpaka kwenye kucha, klipu ikahangaika haitoi namba, nikahamia kwenye ndewe ya sikio ndo ikasoma. Kwa iyo ukiletewa mpya ijaribu kwa watu wako, na pale inapokupa mashaka linganisha na mashine unayoiamini.

Muuzaji akikwambia kipimo ni sahihi asilimia 95 usipige makofi kwanza, chukua kalamu. Watu 1,000, wenye ugonjwa 20. Kipimo kinawakamata 19, sawa. Lakini wale 980 wazima, kikikosea watano kwa kila mia, 49 wataambiwa wanaumwa. Yani majibu ya "anao" 68, wenye ugonjwa kweli 19 tu, hao wengine 49 unawatisha na kuwapa dawa bure. Kwenye ugonjwa ulioenea sana hesabu inakuwa nyingine kabisa, ndo mana lazima ujue kwenu umeenea kiasi gani.

Mazingira sasa. Katriji za GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 28, we stoo yako Januari ikoje? Kaa nayo na kipimajoto wiki nzima kabla hujaahidi kitu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo nani atalipia bodi iliyoungua, stabilaiza imo kwenye bei au ni juu yenu? Na huku pwani chumvi na unyevu vinakula nyaya, mwambie muuzaji akuonyeshe ilipokaa zaidi ya mwaka kwenye mji wa bahari.

Pesa usihesabu bei ya kununua, hesabu miaka mitano: vitendanishi, kalibresheni (kuirekebisha isome sawa), spea, umeme, mafunzo hata kwa watumishi watakaohamishiwa baadae, ugawe kwa idadi ya vipimo ile ya rejesta ukiizidisha mara kumi, mana ile ni ya miezi sita tu. Uliza NHIF, bima ya afya ya taifa, wanalipia kiasi gani. Na kama vitendanishi vinatoka kampuni moja tu, andikeni bei na muda wa kuvileta ndani ya mkataba.

Mwisho iombeni kwa majaribio ya miezi mitatu. Pima sampuli zisizopungua 40, za chini, za kawaida na za juu, kwenye mashine mpya na ya zamani, na anayepima huku asione majibu ya kule. Wekeni daftari la hitilafu, kila ikigoma andika saa na nani alikuwa zamu. Na mkubaliane KABLA ya kuanza ni kiwango gani cha tofauti kikipita mnairudisha, na muuzaji ataichukua kwa gharama zake.

Alafu pata namba ya fundi wao, mpigie Jumamosi saa mbili usiku, uone kama anapokea.