Kufufua Shokapu za Mkono za Morris Minor

Morris Minor, gari lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, halina shokapu ndefu za bomba kama magari ya leo. Lina shokapu za mkono za Armstrong, yaani kasha zito lililojaa mafuta, lenye pistoni mbili zilizolala sambamba ndani yake, na ubavuni mwake unatokeza mkono unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Mkono ukisogea huzungusha shafti, shafti husukuma pistoni, na mafuta hulazimika kujipenyeza kwenye valvu yenye njia nyembamba. Ukinzani huo ndio unaolizuia gari lisiendelee kudundadunda baada ya shimo. Faida yake ni kwamba kasha hili hufunguka, kwa hiyo shokapu iliyochoka hutengenezeka.

Wenye magari haya wengi, wakiona shokapu imelegea, huongeza mafuta mazito ya injini na kuridhika. Gari huwa gumu kwa wiki chache, kisha mafuta hutoka tena palepale yalipotokea mwanzo, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye mafuta bali kwenye shafti na tundu linamozungukia. Tundu likishalika, shafti hucheza, na sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, haiwezi kushika kitu kinachoyumba.

Mwanafunzi na aanze na shokapu za nyuma, ambazo ni rahisi kufungua. Za mbele zinahitaji tahadhari, kwa kuwa mkono wa shokapu ndio huohuo mkono wa juu unaoshikilia gurudumu, na fimbo ya springi inayojisokota bado imebeba uzito. Weka jeki chini ya mkono wa chini kabla ya kulegeza chochote, na ufunge habu kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wa breki.

Safisha kasha lote kwa mafuta ya taa na brashi kabla ya kufungua kizibo, maana chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu inatosha kuharibu kazi nzima. Libane kwenye jiliwa likiwa limesimama, kisha usukume mkono mwendo wake wote, juu na chini. Ukinzani uwe wa polepole na usiobadilika. Ukikuta sehemu ambamo mkono unapita bure, kuna hewa ndani au mafuta yamepungua. Ukiwa mgumu upande mmoja na mlegevu upande wa pili, tazama valvu na springi zake. Mwisho, shika ncha ya mkono na uitikise kwa pembeni: ikicheza, shafti imekwisha.

Ondoa kifuniko cha juu na umwage mafuta. Yakitoka ya kijivu yenye vimetameta, hicho ni chuma kilichosagika. Pistoni kwa kawaida hudumu, kwa kuwa huogelea kwenye mafuta muda wote, lakini kila moja irudi kwenye tundu lake.

Kabla ya kuutoa mkono, piga alama kwa patasi nyembamba, nusu kwenye mkono na nusu kwenye ncha ya shafti. Mimi niliwahi kulipuuza jambo hili, nikarudisha mkono ukiwa umepitiliza jino moja tu kati ya meno ya shafti yanayoushika, na sikugundua hadi gari liliposhuka kwenye jeki na mkono ukafika mwisho wa mwendo wake mapema. Mkono utolewe kwa presi, kamwe si kwa nyundo.

Pitisha ukucha juu ya shafti pale ilipokuwa imekaa kwenye tundu. Ukucha ukikwama, msasa hautasaidia. Mpelekee fundi mkereza aisawazishe, kisha achonge bushi za shaba nyeusi, yaani vibomba vifupi ambamo shafti huzungukia, zinazolingana na kipimo kipya. Msisitizie kwamba matundu ya pande zote mbili yatobolewe kwa mkupuo mmoja, kwani yakipishana hata kidogo shafti itakaza, na sili mpya italiwa upesi. Hapa ndipo fedha yako inapopaswa kwenda. Gasketi mpya unaweza kuikata mwenyewe.

Ukishaunganisha, jaza mafuta ya shokapu au ya foku za pikipiki, ya namba 20. Mafuta ya breki usiyaguse, kwani huharibu sili za mpira za aina hii. Jaza kidogokidogo huku ukipampu mkono mwendo mzima, na usiharakishe: mapovu yataendelea kupanda kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia. Kina kiishie chini kidogo ya tundu la kujazia, ili mafuta yakipata moto yawe na pa kutanukia.

Tangu hapo shokapu isilazwe hata wakati wa kuibeba, la sivyo hewa itarudi kwenye pistoni na itabidi upampu upya. Funga bolti zake zote, ila nati zinazobana bushi za mpira zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili mpira usiishi umejisokota. Futa ubavu wa kasha ukauke kabisa, endesha siku mbili tatu, kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya shafti: kikitoka safi, sili inashika.