Kabla ya Kununua Stendi ya Mazoezi, Kaangalie Ekseli ya Baiskeli Yako

Anayetaka kuendesha baiskeli ndani ya nyumba kwa mazoezi huanza kwa kuuliza bei ya stendi. Afadhali aanze na baiskeli aliyonayo. Stendi hizi hunyanyua gurudumu la nyuma, zikalibana pande mbili na kulikalisha juu ya rola. Nyingi zimetengenezwa kwa baiskeli za mbio na za milimani, ambazo ekseli yake, kile chuma cha katikati ya gurudumu, ina tundu ndani na hupitishwa kijiti chenye mkono wa kukazia. Baiskeli nyingi za Unguja na Pemba si za namna hiyo. Ama ni Phoenix na ndugu zake zenye breki za vyuma, ama ni za Kijapani zilizotumika, zenye kikapu mbele, na zote hizo gurudumu lake la nyuma hufungwa kwa nati.

Nati si kizuizi, ila vikombe vya stendi, vinavyobana ncha za ekseli, lazima viweze kuimeza. Pima kwa rula kutoka ncha moja ya ekseli hadi nyengine, uandike kwa milimita, kisha ulinganishe na uwazi wa stendi ikiwa imefunguliwa yote. Ncha za ekseli zikichomoza sana nje ya nati, kikombe hukamata uzi wa ekseli, yaani mikato ya kuzungushia nati, badala ya nati yenyewe. Gurudumu hukaa upande na uzi hufa. Dawa yake ni nati za kofia, zilizofunikwa juu. Nenda kwa fundi na nati yako ya zamani mkononi, kwa sababu nyuzi za ekseli hufanana kwa macho na hazilingani.

Baiskeli ya Kijapani ikague kwa makini zaidi. Stendi yake ya miguu miwili na vyuma vya mudigadi aghalabu hufungwa kwenye ekseli hiyohiyo, na huenda ukalazimika kuvifungua. Kama ina gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, tazama upande wa kulia: pana kijimnyororo au kijimkono cha kuvutia gia kinachochomoza kwenye ncha ya ekseli. Kikibanwa huvunjika, na gia zimekwisha. Baiskeli ya aina hiyo usiibane. Tafuta nyengine ya kuwekwa kwenye stendi, au nunua baiskeli kamili ya mazoezi isiyokwenda.

Ukubwa wa gurudumu hauna tabu kubwa. Stendi iliyoandikwa inchi 26 hadi 29 huchukua hata gurudumu la Phoenix la 28 kwa 1½, lenye kimo cha takriban milimita 711. Baiskeli ndogo za inchi 20 ndizo ambazo mara nyingi haziifikii rola. Linalosumbua ni meno ya tairi. Tairi la milimani likizunguka juu ya rola ya chuma hunguruma nyumba nzima, hutikisa fremu na kulika upesi. Nunua tairi laini lisilo na meno, la kipimo hichohicho, kabla hujanunua kitu chengine, na ulijaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake.

Sasa uzito wa kupiga pedali unatoka wapi? Stendi ya upepo ina feni ndogo, na kelele zake hazivumiliki katika nyumba zilizobanana. Ya mafuta ni tulivu, na uzito wake huongezeka kadiri unavyokwenda kasi, lakini sili yake, inayozuia mafuta yasitoke, ikichoka huvuja, na kuirudishia si kazi ya fundi wa mtaani. Ya sumaku ina sahani ya chuma inayozunguka baina ya sumaku bila ya kugusana, kwa hiyo kinacholika ni beringi na waya wa kubadilishia ngazi za uzito tu, na hivyo vyote vinarudishika. Kwa baiskeli isiyo na gia chagua ya sumaku, kwani kile kitufe cha ngazi ndicho kitakachokuwa gia zako. Zipo pia stendi za umeme zinazojiongoza kwa simu. Unguja hupata umeme kwa waya wa baharini kutoka Bara, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme huo. Kwa mazoezi ya kila siku, chombo kisichohitaji plagi ni bora.

Uimara hauonekani kwa rangi. Fungua miguu, weka stendi sakafuni, uisukume kwenye pembe zote: isicheze. Miguu iwe ya chuma cha bomba, mipana, na maungio yake yawe na boliti zinazopita upande wa pili. Soma uzito wa juu wa mwendeshaji kwenye kibandiko, uache nafasi ya kilo 15 au 20 juu ya uzito wako. Zungusha rola kwa mkono: iende kimya, isiwe na mchezo wa kushoto na kulia. Stendi zilizotumika, zinazokuja kwenye makontena, mara nyingi hukosa kijiti chake cha chuma au kikombe kimoja. Ulizia kabla hujalipa.

Chumba nacho kina maneno yake. Tenga mita mbili kwa moja. Katika ghorofa za Mji Mkongwe sakafu hubebwa na boriti, na mtikisiko wa rola hushuka kwa jirani wa chini kama ngoma. Weka stendi karibu na ukuta, boriti zinapoegemea, wala si katikati ya chumba, na chini yake tandika mpira mnene wa milimita 8 au zaidi. Mkeka haufai, huteleza. Gurudumu la mbele liwekee ubao wa kulinyanyua sawa na la nyuma, ama sivyo mikono na mabega vitabeba mwili wote. Joto la ndani, hasa wakati wa kaskazi, ndilo linalowashinda wengi: hewa yenye unyevu haikaushi jasho, na hapana upepo wa barabarani. Feni ikupige kifuani, au endesha baada ya alfajiri. Taulo litandikwe juu ya usukani, kwani jasho la chumvi huozesha boliti za shingo kimyakimya.

Chumvi ya bahari nayo ina kazi yake. Stendi isilale barazani wala juu ya dari. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi, uikaushe, na skrubu ya kubania itie grisi kila mwezi. Rola usiitie mafuta kabisa, tairi litateleza.

Nyumba yenye watoto isiweke stendi pasipo mlango wa kufungwa. Spoku zinazozunguka na sahani ya sumaku hukata kidole mara moja, na mwendeshaji anayetazama mbele hamuoni mtoto aliye nyuma.

Siku ya kununua, nenda na baiskeli yenyewe. Ifunge, sogeza rola hadi iguse tairi, kisha kaza mizunguko miwili zaidi. Simama juu ya pedali na usukume kwa nguvu: likiteleza, kaza robo mzunguko. Endesha dakika kumi. Vumbi jeusi kidogo chini ya rola ni la kawaida. Harufu ya mpira unaoungua maana yake rola imelegea na inasugua tairi, na pedali nzito hata katika ngazi ya kwanza maana yake umekaza kupita kiasi. Ukimaliza, legeza rola kabla ya kuondoka, kwani tairi likiachwa limebanwa usiku kucha huota bapa, na kesho yake litagonga kila mzunguko.