SOMO: Unafanya kazi kupitia ejensi? Pambania tarehe ya kulipwa kabla hujasaini

Wadau, leo tuongee malipo kwa sisi ambao kazi tunamfanyia mteja lakini mkataba tumesaini na ejensi. Wengi tukiitwa mezani tunabishana reti tu, kwa saa shilingapi, kwa siku shilingapi, tukitajiwa namba nzuri tunasaini fasta, halafu miezi miwili mbele unamkuta mtu ana reti nzuri kwenye karatasi na mfukoni hana kitu. Mi naona swali la kwanza ni hili: mpaka utakapogundua kwamba hulipwi kwa wakati, utakuwa umeshawafanyia kazi ya siku ngapi ambayo haijalipwa? Hiyo namba ndo ya kuipigania, reti inafuata.

Hatua ya 1: Ijue njia ya hela

Unafanya kazi, meneja wa upande wa mteja anasaini taimshiti (karatasi ya masaa uliyofanya kazi), ejensi inamtumia mteja invoisi (ankara ya kudai malipo), mteja anailipa ejensi, ejensi inakata chake na kukulipa wewe. Hela inaweza kukwama popote hapo, kwa hiyo kabla ya yote uliza nani hasa anasaini taimshiti na akiwa likizo nani anakaimu, taimshiti inatakiwa kufika siku gani saa ngapi, malipo yanatoka siku gani, na invoisi unaandika wewe au ejensi inakuandikia kwa niaba yako (zipo nyingi zinafanya hivyo, na wakikosea namba ya akaunti au masaa, wa kuhangaika ni wewe).

Jambo lingine watu wengi hawalijui. Ejensi nyingi hazisubiri mteja alipe ndo zipate hela, zinapeleka invoisi zao kwenye kampuni za fedha zinazotoa sehemu kubwa ya hela ndani ya siku chache kisha zinasubiri mteja alipe. Sio zote, lakini uliza. Ukiambiwa "mteja hajatulipa" inaweza kuwa kweli kabisa, na bado ejensi ikawa imeshapata hela ya kazi yako.

Hatua ya 2: "Siku 30" kuanzia lini?

Hapa ndo watu wanaumia. Siku 30 tangu tarehe ya invoisi, tangu invoisi ipokelewe, tangu mteja aidhinishe, au siku 30 baada ya mwisho wa mwezi? Tufanye umeanza kazi tarehe 1 Februari, invoisi ya mwezi mzima umeiandika tarehe 2 Machi. Kama ni siku 30 tangu tarehe ya invoisi utalipwa 1 Aprili. Kama ni mwisho wa mwezi halafu siku 30, unahesabu kuanzia 31 Machi, hela inakuja 30 Aprili. Yaani kazi uliyofanya siku ya kwanza inalipwa karibu miezi mitatu baadaye, na hapo hakuna aliyechelewa, mkataba ndo unasema hivyo! Na kama ni "tangu mteja aidhinishe" ndo hatari zaidi, maana asipoidhinisha siku hazianzi kuhesabika.

Sasa linganisha na invoisi ya kila wiki inayolipwa ndani ya siku 7. Wakichelewa unajua mapema, na kilicho mikononi mwao ni kazi ya wiki mbili hivi. Kwa invoisi ya mwezi na siku 30, unapokuja kujua umeshatoa kazi ya miezi miwili. Mimi ningepunguza reti kidogo nipate malipo ya wiki kuliko kinyume chake.

Hatua ya 3: Kifungu cha "tukilipwa ndo tutakulipa"

Kitafute kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi hakijaandikwa wazi, unakuta "malipo yatafanyika baada ya ejensi kupokea fedha kutoka kwa mteja". Maana yake mteja akigoma, akifilisika, akigombana na ejensi kwa mambo yasiyokuhusu, wewe hulipwi. Wewe hukumchagua huyo mteja, hukumkagua kama anaweza kulipa, na faida ya kumuuzia huduma inachukua ejensi, kwa nini hasara uibebe wewe? Omba kifutwe. Wakikataa kabisa omba kiwekewe kikomo, kwa mfano "ejensi itamlipa kontrakta (yaani wewe mfanya kazi) mteja akishalipa au siku 45 tangu tarehe ya invoisi, lolote litakalotangulia". Hayo maneno "lolote litakalotangulia" usiyaachie, yakitoka kikomo nacho kimetoka.

Hatua ya 4: Omba wakati muafaka, kwa mtu muafaka

Wakati muafaka ni pale mteja ameshasema anakutaka wewe na hujasaini bado. Kabla ya hapo wewe ni mmoja wa wengi, baada ya hapo umeshafungwa. Na yule rikruta (mtu wa ejensi anayetafuta watu wa kazi) unayeongea naye mara nyingi hana mamlaka ya kubadili masharti ya malipo, asikukatishe tamaa, muulize kwa upole "nani kwenu anaweza kuamua hili?" Mwandikie imeili fupi: nimekubali reti, nimekubali tarehe ya kuanza, naomba mambo mawili tu, invoisi kila wiki na kikomo cha siku 14. Ukiomba mambo kumi watachagua lile dogo kuliko yote wakupe hilo.

Wakikupa ofa ya kulipwa haraka kwa makato, piga hesabu kwanza. Kukatwa 2% ili ulipwe siku 20 mapema kunaonekana kadogo, ila ukikageuza kuwa riba ya mwaka ni kama 37%. Kwa mara moja una shida sawa, isiwe ndo utaratibu wa kila mwezi.

Hatua ya 5: Usiwape sababu ya kukupiga kalenda

Invoisi itoke siku ileile taimshiti imesainiwa, iwe na jina sahihi la kampuni, namba ya oda kama mteja anatumia, kipindi cha kazi, tarehe ya mwisho ya kulipa (andika tarehe yenyewe, usiandike "siku 30") na akaunti yako. Waulize wamepokea na iko sawa? Siku chache kabla ya tarehe kufika kumbusha. Kosa dogo kwenye invoisi wanakaa nalo kimya mpaka siku ya kulipa ndo wanakurudishia uanze upya.

Hatua ya 6: Ikichelewa

Siku inayofuata andika, usingoje wiki ipite kwa kuona aibu. Ya kwanza ya upole kwa mhasibu, ya pili kwa mkuu wake ukiitaja tarehe na kifungu cha mkataba, ya tatu ni notisi rasmi yenye siku ya mwisho. Simu piga, ila ukikata tu andika imeili "kama tulivyoongea, mmesema mtalipa Ijumaa".

Na sheria ya nchi inayosimamia mkataba wako isome, inaweza kuwa na nguvu kuliko unavyodhani. Umoja wa Ulaya kwa agizo la 2011 muda wa kulipana kati ya kampuni na kampuni kwa kawaida usizidi siku 60 labda mkubaliane wazi vingine na isiwe uonevu, na ukicheleweshwa una haki ya riba. Uingereza sheria ya 1998 inaruhusu riba ya 8% juu ya riba ya benki kuu, na kanuni za ejensi za 2003 zinakataza ejensi inayokulipa kukunyima malipo eti kwa sababu mteja hajalipa. Ila anayefanya kazi kupitia kampuni yake anaweza kujitoa kwenye kanuni hizo kwa kusaini fomu, kwa hiyo ukiletewa karatasi ya "kujitoa" katikati ya rundo la karatasi nyingine, simama uisome.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, ejensi wanasema mkataba wao ni wa wote haubadiliki hata nukta.

Jibu: Basi omba nyongeza ya ukurasa mmoja isainiwe pamoja nao, mkataba wao haujaguswa. Imeili peke yake usiitegemee, mikataba mingi ina kifungu kinachosema makubaliano yote ni yaliyomo humu tu, ahadi ya nyuma inakufa. Wakikataa na nyongeza, ongeza reti ifidie kusubiri, au waache.

Swali: Mimi shida yangu ni meneja wa mteja, taimshiti anakaa nayo wiki tatu, ejensi wanasema hawana la kufanya.

Jibu: Pole sana ndugu. Kwa mkataba ujao weka kifungu kwamba taimshiti isipopingwa kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi inahesabika imekubaliwa. Kwa sasa kila Ijumaa mtumie imeili fupi ya ulichofanya na masaa, nakala kwa ejensi, huo ni ushahidi hata asiposaini.

Swali: Naruhusiwa kumfuata mteja anilipe mwenyewe?

Jibu: Hapana dada, mteja anadaiwa na ejensi, wewe unaidai ejensi. Ukimwomba akulipe moja kwa moja unaweza kuwa umevunja mkataba. Ila kama mkataba haukukatazi, kumwambia meneja wako "invoisi yangu ya mwezi uliopita ejensi bado hawajailipa" ni taarifa tu, na mara nyingi inasaidia, maana mteja hataki kazi isimame.

Swali: Wamenidai... samahani, NAWADAI wiki ya sita sasa, niache kwenda kazini?

Jibu: Angalia kwanza kama mkataba unakupa haki ya kusimamisha kazi usipolipwa. Kama haki hiyo ipo, toa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyoelekeza. Kama haipo ongea na mwanasheria kabla, usije ukasimama wakasema wewe ndo umevunja mkataba wakapata sababu ya kuzuia hata ile wanayodaiwa.

Swali: Na ejensi ikifilisika?

Jibu: Hapo kwa kawaida unaingia kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana (wasioshikilia mali yoyote ya ejensi kama rehani), nyuma ya benki, na wengi wa foleni hiyo wanaambulia kidogo au wanakosa. Kwa hiyo ukiona hela imeanza kuja vipande vipande, wahasibu wanabadilika badilika, siku ya malipo inasogezwa bila maelezo, waombe wiki hiyohiyo mhamie kwenye invoisi za kila wiki, na wakikataa toa notisi ya kuondoka deni likiwa bado dogo.