Unamuuzia mpangaji wako nyumba Uingereza? Anza na mkataba wa wakala

Shemeji yangu ana flati mjini Reading. Mpangaji wake, dereva wa basi, alipomwambia anataka kuinunua, shemeji akafurahi: hakuna matangazo, hakuna watu wa kuja kuchungulia vyumba kila Jumamosi. Nikamwambia, shem, kabla hujataja bei, nitafutie karatasi ulizosaini na wakala aliyekuletea huyo mpangaji. Siyo mkataba wa upangaji, ni ule wako wewe na wakala.

Usome wote, usiishie kwenye jedwali la ada. Wa shemeji ulikuwa na kifungu huko nyuma kabisa, baada ya habari za funguo na boila: mpangaji tuliyemleta akinunua, utatulipa asilimia 1.5 ya bei, pamoja na VAT. Kwa flati ya pauni 240,000 hiyo ni pauni 3,600, VAT ya asilimia 20 ni 720, jumla 4,320. Kisa? Mnunuzi yumo ndani ya nyumba tayari!

Kama kifungu hicho hakimo, wakala atapata taabu kudai chochote, maana kumleta mpangaji si kuuza nyumba. Kama kimo, usilipe haraka, na usinyamaze pia. Mwaka 2009, katika kesi ya Office of Fair Trading (mamlaka ya wakati huo ya kulinda walaji) dhidi ya Foxtons, kampuni ya mawakala wa nyumba, Jaji Mann wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu vya kamisheni kama hiyo, vilivyofichwa kwenye maandishi madogo, havikuwa vya haki kwa wenye nyumba wa kawaida. Leo sheria ya kushika ni Consumer Rights Act ya 2015, yaani sheria ya haki za walaji. Lakini usiende kifua mbele: ikiwa ulioneshwa ada hiyo waziwazi ukasaini, au unapangisha kibiashara kupitia kampuni, hoja yako inapungua nguvu sana.

Mwandikie wakala baruapepe kabla ya mauzo kukamilika. Muulize mambo mawili tu: ni lini mlinieleza ada hii kabla sijasaini, na ni kazi gani mnafanya kwenye mauzo haya? Hapo wengi huanza kushuka bei wenyewe. Mkielewana kiasi, kiandikwe kuwa ndiyo malipo yote. Asipokubali, peleka malalamiko rasmi. Zikipita wiki 8 bila suluhu, nenda kwenye skimu ya usuluhishi aliyojiunga nayo, kama The Property Ombudsman. Kwako ni bure.

Kuna wanaoshauri mpangaji anunue kwa jina la mkewe. Achana nao. Vifungu vingi vinawataja na jamaa za mpangaji, na Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, huchapisha bei za nyumba zilizouzwa hadharani, kwa hiyo wakala ataona tu.

Na mpangaji asibebeshwe ada hiyo. Yeye hakusaini mkataba huo.

Kama ndiyo kwanza unatafuta wakala, kazi ni nyepesi zaidi: mwambie akifute kifungu hicho, au kiishe baada ya miezi 6, kisha nyote wawili mtie sahihi pembeni.

Halafu amana (deposit) ya mpangaji. Iko kwenye skimu ya kulinda amana, kwa hiyo msiikate kienyeji kwenye bei. Mwambie mwanasheria wako mapema, ili irudishwe kwa utaratibu siku ya kukamilisha mauzo.