Usaha wa tundu moja la pua: kabla hujavuka kwenda Unguja

Mafua ya kawaida hushika matundu yote mawili ya pua. Usaha ukitoka tundu moja tu, shavu la upande huo likawa zito, na ukasikia harufu mbaya ambayo wenzio hawaisikii, lishuku jino. Mizizi ya magego ya juu imekaa chini ya sainasi, ule uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, na kwa baadhi ya watu kinachovitenga ni utando mwembamba tu. Jino likioza hadi kwenye mzizi, usaha hupanda juu. Jino lenyewe huenda lisiume kabisa, ndiyo maana watu humeza dozi baada ya dozi, wakapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi.

Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba hayatupi shida, hutuliza maumivu kweli, ila usaha wa mzizini hayaufikii.

Basi kabla hujakata tiketi ya boti pale bandari ya Mkoani kumfuata daktari wa pua Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, muone kwanza daktari wa meno. Mweleze jino lipi liliwahi kuzibwa na lipi liling'olewa. Picha ndogo ya jino moja mara nyingi haitoshi. Ya taya zima huonesha zaidi, na ya CT, ile inayoonesha ndani kipande kwa kipande, ndiyo inayofichua vizuri. Ukipigwa picha, safiri nayo. Andika dawa zako zote, hasa za kuzuia damu kuganda, na utaje kisukari au mimba. Kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukubana pumzi, sema mapema, kwani amoksilini ni jamii yake.

Jiandae kuambiwa mzizi usafishwe na kuzibwa, au jino ling'olewe. Antibiotiki peke yake haimalizi kazi. Sainasi isiposafika hata baada ya hapo, hufanyiwa upasuaji kupitia puani.

Gego la juu likishang'olewa, maji unayokunywa yakitokea puani, rudi kwa daktari: pamebaki tundu kati ya mdomo na sainasi. Usipenge kwa nguvu, piga chafya mdomo wazi, acha sigara, na mzamiaji wa pweza asizame mpaka aruhusiwe. Katika udhu, kupandisha maji puani kwetu Mashafii ni sunna, si faradhi, kwa hiyo siku hizo ipumzishe pua.

Jicho likivimba, ukaona vitu viwiliviwili, au homa ikaja na shingo kukakamaa, usingoje boti ya kesho. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo.